Namba ya simu isiwe ndiyo mteja

Mhariri,

Benki ninayoifanyia uwakala hapa soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, imetujulisha kwamba inabadili mfumo wake wa kuwatambua wateja na kuwaruhusu kuingia kwenye akaunti kwa simu. Ni jambo jema, na limechelewa. Naomba nafasi niseme neno kabla mafundi hawajamaliza.

Mfumo wa sasa unamjua mteja kwa laini yake. Mtu akisahau namba ya siri, tarakimu za uthibitisho zinatumwa kwenye laini iliyosajiliwa, na aliyeishika ndiye mwenye akaunti. Huku ziwani laini hazidumu. Simu inazama. Mvuvi anahamia kambi ya kisiwani, laini inakaa bila kutumika hadi inafungwa, kisha namba anapewa mtu mwingine kabisa. Matapeli wanaorudisha laini za watu kwenye simu zao wenyewe nao mnawajua. Hata taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, katika mwongozo wake wa 2017 iliziweka tarakimu za meseji kwenye kundi la kutumiwa kwa tahadhari.

Kidole nacho kisitegemewe peke yake. Mama mmoja muuza dagaa aliweka gumba kwenye mashine yangu, ikagoma. Akafuta kwa khanga, ikagoma tena. Tukapita kidole kimoja kimoja hadi kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, ndicho kilichokubali, huku foleni ikinung'unika. Mikono inayoanika na kuanua dagaa kila siku hulika.

Nashauri akaunti iunganishwe na namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa yenye tarakimu 20, kwa kuwa haibadiliki mtu akibadili laini. Simu ihesabiwe kuwa kifaa tu: kinaondolewa, kinaunganishwa kingine. Laini ikibadilishwa, uhamishaji wa fedha nyingi usubiri kwanza hadi mteja athibitishwe upya. Uthibitisho huo ufanyike kwa wakala, ili mtu wa kisiwa cha Ukara asilazimike kuvuka maji kwenda tawini kwa sababu ya namba ya siri. Wenye vitochi nao wabakiziwe menyu yao. Si kila mtu ana simu ya kupakua programu.

Halafu ule mtindo wa baadhi ya mawakala kupiga picha vitambulisho vya wateja kwa simu zao na kuzirusha WhatsApp ukome. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ipo tangu 2022.

Kuhusu siku ya kuhama: wateja wahamishwe kwa mafungu. Kama ni lazima huduma izimwe, izimwe wakati wa mbalamwezi, mitumbwi ya dagaa ikiwa imepaki na soko limepoa. Siku za giza, zisizo na mbalamwezi, hapa Mwaloni fedha huanza kutembea kabla hakujapambazuka.

Wakala wa benki,
Kirumba, Mwanza