Vijana wafundishwe kuandika draiva, sio kupiga Windows tu

Mhariri, naomba nafasi kwenye gazeti lako, kuna jambo nimekaa nalo muda mrefu, nalo ni draiva, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuongea na kifaa kilichochomekwa.

Msimu wa korosho uliopita chama kimoja cha msingi huku kwetu waliniletea kompyuta yao, radi ilikuwa imepiga ikaunguza tundu la waya wa netiweki na wakulima wanasubiri taarifa za mzigo wao ziingizwe. Nikachukua kadi ya netiweki ya mtumba nikaichomeka, nikawasha, taa ya kijani ikawaka vizuri kabisa lakini Linux, mfumo unaoendesha kompyuta hiyo kama Windows inavyoendesha nyingine, haioni mtandao. Nikaandika lspci -k, amri inayoorodhesha kadi zilizomo na draiva zake, kadi ipo kwenye orodha ila ule mstari unaotaja draiva haupo, yaani kadi imo ndani ya mashine lakini hakuna anayeongea nayo. Nikaitoa nikaisogeza dirishani nikaisoma chipu kwa kioo cha kukuzia, imeandikwa RTL8139, chipu ya zamani ya Realtek ambayo draiva yake imo kwenye keneli, yaani kiini cha Linux, miaka mingi tu!

Kumbe kila kadi ya PCI, aina inayochomekwa kwenye ubao wa ndani ya kompyuta, inabeba namba mbili, ya mtengenezaji na ya bidhaa, zinakaa kwenye kachipu kadogo ka kumbukumbu pembeni, na draiva ina jedwali la namba inazozitambua. Realtek wenyewe ni 10ec na 8139, ila kampuni nyingi zilichukua chipu hiyo zikaweka namba zao, na hii yangu haikuwemo kwenye jedwali. Nikafungua faili la 8139too.c, ndio msimbo wa draiva hiyo, nikaongeza mstari mmoja, mmoja tu, nikakompaili moduli, yaani nikaugeuza msimbo kuwa programu, nikaipakia, kompyuta ikapata anwani ya IP saa hiyo hiyo.

Sasa kilichoniuma ni hiki. Siku hiyo nilikuwa na vijana wawili wa fildi wanaosomea diploma ya kompyuta, hawajawahi hata mara moja kufungua faili la draiva. Wanajua kupiga Windows, wanajua kubana vichwa vya RJ45 vya waya wa netiweki, tena vizuri, lakini kadi ikigoma wanachojua ni inunuliwe nyingine, na nyingine mpaka uagize Dar. Siwalaumu, hawajafundishwa.

Na hii kitu watu wanaiogopa bure. Draiva ya Ethernet, yaani mtandao wa waya, kazi yake inaeleweka, inairiseti kadi, inasoma namba ya MAC ambayo ndio kitambulisho cha kadi, inatenga kipande cha memori ambacho kadi yenyewe inamwaga pakiti, yaani vifurushi vya data, humo bila kuisumbua prosesa, alafu kadi inapiga intarapti kama mgeni anayebisha hodi, draiva inaitika, inachukua pakiti inazipandisha juu. Ugumu upo, nakubali, maana ndani ya keneli ukiandika sehemu isiyo yako kwenye memori inaweza kuganda mashine nzima, sio programu moja. Ndio maana nasema ifundishwe darasani, mwalimu akiwa pembeni. Na wala sio lazima chuo kinunue kadi, QEMU ni programu ya bure na inaigiza RTL8139 hiyo hiyo, mwanafunzi akivuruga anawasha upya anaendelea.

Linus Torvalds alianza Linux mwaka 1991 akiwa mwanafunzi tu kule Helsinki, na draiva nyingi za mwanzo za Ethernet aliziandika Donald Becker miaka ya 1990 akiwa NASA, shirika la anga la Marekani, msimbo wote uko wazi mpaka leo, kijana wa Masasi au Kilwa au Nachingwea anausoma sawasawa na wa Ulaya.

Ombi langu kwa vyuo vinavyofundisha kompyuta Mtwara na Lindi, wekeni walau muhula mmoja wa draiva. Mimi nina kadi sita za zamani kwenye boksi, chipu tofauti tofauti, zote nimezipima zinafanya kazi. Mwalimu anayezihitaji aje azichukue bure, na akitaka nikae na wanafunzi wake Jumamosi nitakuja.

Fundi kompyuta,
Chikongola, Mtwara