Hamsta asafirishwe na matandiko yake ya zamani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili nichangie ushauri uliotolewa hivi karibuni katika ukurasa wa familia, kuhusu wanyama wadogo wanaofugwa na watoto na namna ya kusafiri nao wakati wa likizo. Sisi wazazi tunaoishi Uingereza tunaujua vyema mwezi wa Julai: shule zinakaribia kufungwa, na mtoto anarudi nyumbani amekabidhiwa hamsta wa darasa lao, yaani yule mnyama mdogo wa jamii ya panya, au anakataa katakata kuingia garini bila yule wake mwenyewe. Mwandishi wenu alieleza mengi ya kufaa, lakini alipendekeza pia kizimba kioshwe kwa sabuni usiku wa kuamkia safari, na mnyama asilishwe asubuhi yake. Kwa hamsta mapendekezo hayo mawili hayafai, na la kwanza ndilo lenye madhara zaidi.

Hamsta haoni mbali. Anategemea pua na masikio, na makazi yake huyatambua kwa harufu aliyoiacha mwenyewe. Yule wa Syria, ambaye ndiye afugwaye zaidi, ana tezi ubavuni ambazo huzisugua katika kuta na vijia anamopita. Tukimwoshea kizimba mpaka kinukie limau, huku zimebaki saa chache tu kabla hatujamtia katika chombo kinachotikisika na kunguruma, tunamwondolea kitu pekee ambacho kingemtuliza. Ni afadhali usafi ufanywe siku kadhaa kabla, kisha asubuhi ya safari mwenyewe achote konzi mbili za matandiko ya zamani, yale ya ndani kabisa ya kiota, pamoja na sehemu ya akiba ya chakula ambayo mnyama ameificha, na avitie vyote katika kikasha cha kusafiria. Harufu hiyo huenda isimpendeze dereva, naye hana budi kuvumilia. Hamsta aliyepata kiota chake atachimba, atajifukia, na mara nyingi atalala.

Kwamba wanyama hawa hawaipokei safari kwa urahisi lilijulikana tangu mwanzo wa kufugwa kwao. Mwaka 1930 mtaalamu wa wanyama Israel Aharoni, wa Chuo Kikuu cha Kiebrania cha Jerusalem, alipata hamsta jike na watoto wake 11 kutoka katika shimo lililofukuliwa karibu na mji wa Aleppo, Syria. Jike huyo alipotiwa sandukuni pamoja na watoto, alimuua mmoja wao papo hapo. Watoto waliosalia walipelekwa Jerusalem, ambako wengine walitoroka na wengine wakafa, na karibu hamsta wote wa Syria wanaofugwa majumbani leo ni uzao wa wale wachache waliobaki. Kwa hiyo jike mwenye mimba, ambayo huchukua takriban siku 16 tu, au anayenyonyesha, asihamishwe ila kwa dharura. Vilevile hamsta wawili wa Syria waliokomaa wasitiwe katika kikasha kimoja, hata wakiwa ndugu wa tumbo moja na hata safari ikiwa ya nusu saa, maana watapigana mpaka watoane damu.

Kuhusu kumnyima mnyama chakula asubuhi ya safari, sababu iliyotolewa ilikuwa kuzuia kichefuchefu. Wanyama wa jamii ya panya hawawezi kutapika, kwa hiyo kuwanyima chakula hakuna faida yoyote, na kiwiliwili kidogo namna ile hudhoofika upesi kikikaa na njaa. Apewe nafaka zake kama kawaida. Tatizo la kweli ni maji, kwa sababu chupa ya kizimbani hutona kila gari linaporuka tuta, matandiko yakalowa, na hamsta aliyelowa hupatwa na baridi haraka. Kipande cha tango kinatosha njiani, na chupa atundikiwe pale mnaposimama kupumzika.

Kikasha chenyewe kiwe cha plastiki ngumu, chenye matundu ya hewa na kifuniko kinachojifunga barabara. Boksi la karatasi alilopewa mteja dukani hamsta atalitoboa kabla hamjafika barabara kuu, kwani meno yake ya mbele hayaachi kukua na kutafuna ndiyo kazi yake. Wapo wanaomhurumia wakamsafirisha katika kizimba chake kikubwa, pamoja na gurudumu na vijumba vyote, wakasahau kwamba breki moja ya ghafla inatosha kumwangushia vitu hivyo. Pamba laini inayouzwa kama matandiko nayo iepukwe, kwa sababu nyuzi zake humkaza miguuni na zikimezwa huziba utumbo. Karatasi ya chooni isiyo na manukato, ikichanwachanwa, inafaa zaidi na bei yake ni ndogo.

Saa ya kuondoka nayo ina uzito wake. Hamsta huamka jua likizama na hulala mchana, hivyo safari ya asubuhi na mapema wakati wa kiangazi humkuta akiwa tayari anatafuta usingizi, na jua likiwa bado halijawa kali. Joto ndilo adui mkubwa. RSPCA, shirika la Uingereza la kutetea wanyama, limekuwa likionya kwamba nje kukiwa na nyuzijoto 22, ndani ya gari lililofungwa huweza kufika 47 katika muda wa saa moja, na mnyama huyu hustarehe kati ya 18 na 24 hivi. Asiwekwe kwenye buti wala upande unaopigwa na jua, wala mbele ya kipozahewa. Katika majira ya baridi hatari hugeuka: akipoa sana huingia katika usingizi mzito, mwili ukawa wa baridi na pumzi isionekane, na wapo walioharakisha kuzika hamsta aliyekuwa hai. Apashwe joto taratibu mikononi na apelekwe kwa daktari wa wanyama kabla mtu hajakata tamaa.

Dawa za usingizi za kujinunulia sizitaji ila kuzikataza. Mnyama mchanga aliyetoka dukani, akihangaishwa, anaweza kupata kuhara kunakolowesha mkia, ambako huua kwa siku mbili. Akionekana amejikunyata na sehemu za nyuma zimelowa, safari ikatizwe.

Limebaki lile la kumchukua likizo Mombasa au Dar es Salaam, ambalo watoto wa huku huliomba kwa machozi. Ndani ya Uingereza si shida, kwani treni zinamruhusu abiria kuwa na wanyama wadogo wawili bila nauli. Ndege ni habari nyingine. Mashirika mengi hayakubali jamii ya panya kukaa na abiria, na mnyama kama huyo akirudi Uingereza kutoka nchi iliyo nje ya Umoja wa Ulaya hutakiwa kukaa karantini miezi 4. Hamsta huishi miaka miwili, mitatu akijaliwa. Mzazi amweleze mtoto hesabu hiyo waziwazi, kisha wamtafute jirani anayeaminika, anayeweza kupita kila siku baada ya magharibi, kwa sababu akija mchana atakuta lundo la karatasi tu na hatajua kama aliyemo ni mzima au mgonjwa.

Mzazi na msomaji wenu,
Leicester, Uingereza