Kwa mwanangu Waridi, kuhusu hiyo e

Mwanangu,

Dada yako ndiye aliyeniambia kwamba mtoto akiwa wa kike ataitwa Rehani. Ningependa kulisikia kwako kwanza, lakini basi.

Jina lenyewe nimelipenda. Mrehani hauna maringo kama ua nililokuita wewe. Ukiwa umekaa kimya pale hakuna anayeutazama, ila pitisha mkono kwenye majani yake uone: harufu utatembea nayo. Kwa Kiarabu raihani ni mmea wowote unaonukia vizuri, na katika Suratu Rahman, aya ya 12, umetajwa pamoja na nafaka, katika neema. Kama ni wewe uliyelichimba mpaka huko, hongera, sikukusomesha bure.

Shida yangu ni hiyo e. Rehani ni kitu kilichowekwa dhamana ya deni. Siku mwalimu atakapoliita darasani, mmoja wa nyuma atauliza amewekwa kwa deni la nani, na wa pili atamalizia: Cherehani! Andikeni Rihani. Usinijibu kwamba kamusi zinakubali mrehani na mrihani, najua ni mmea mmoja. Watoto hawagombani kwa kamusi.

Wewe walikuita Miiba. Ulirudi unalia, nikacheka, nikakwambia waridi lisilo na miiba ni la karatasi. Siku ile niliona nimejibu vizuri sana. Tangu hapo hukunisimulia tena ya shuleni. Baba yako alitaka Zaituni, mti unaoishi mamia ya miaka. Mimi nilipaza sauti zaidi, basi.

Mrehani wangu wa dirishani umeanza kutoa maua. Nimeukata vichwa ili uchipue matawi, nikaacha kitawi kimoja kikomaze mbegu zenu. Usiumwagilie kila saa kama ulivyoua ule wa kwanza.

Na karani wa vyeti msimwachie aandike kwa kusikia. Mwandikieni kwenye karatasi, herufi kubwa, kwa i.

Foronya za mtoto nimeshona mbili. Ya tatu imekwama, cherehani inaruka nyuzi na fundi ananizungusha tangu wiki iliyopita. Nguo zako za uchanga nimezifua zote, zimo kabatini. Ufunguo anao dada yako, mwombe kabla hajasafiri.

Mama yako