Nafasi ya wanne, wanashuka kumi na mmoja

Ndugu Mhariri, salamu kutoka Bagamoyo.

Tunaandika watu wawili tunaopangisha nyumba za mapumziko kwa siku chache, mmoja Mji Mkongwe wa hapa hapa Bagamoyo, mwingine njia ya kwenda Kaole. Tunaomba ushauri wa wenzetu wa kazi hii, hasa wa Tanga na Zanzibar. Mgeni analipia watu wanne. Ijumaa usiku magari mawili yanafika kutoka Dar, wanashuka kumi na mmoja, keki ya besdei na sabufa juu. Matatizo mengine karibu yote yanazaliwa hapo.

Wageni hudhani mwenye nyumba ana roho mbaya tu, kwa hiyo tuanze na hesabu. Tanki la lita 2,000 linawatosha watu wanne siku tano hivi, ukikadiria lita 100 kwa kichwa pamoja na choo na vyombo. Kumi na mmoja wanaotoka baharini na kuoga mara mbili wanalimaliza siku ya pili, na mgao wa maji ukiangukia wikiendi hiyo, Jumamosi jioni unatafuta boza. Mchanga wanaoingia nao unajaa kwenye bomba la kutolea maji bafuni, maji yanasimama. Shimo la choo nalo lilichimbwa kwa familia moja. Karibu na bahari maji ya ardhini hayako mbali, shimo halinyonyi haraka, kwa hiyo likizidiwa chemba ndiyo inayotoa taarifa.

Umeme ni vilevile. Kiyoyozi cha BTU 12,000 kinakula kama uniti moja kwa saa kompresa inapofanya kazi mfululizo. Chumba kikifungwa vizuri kompresa inapumzika, na usiku mzima unatumia uniti tano au sita. Watu wakiwa wengi mlango wa baraza haufungwi, hewa ya joto yenye unyevu inaingia muda wote, kompresa haizimi: uniti 20 na ushee kwa siku, chumba kimoja. LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, ya elfu kumi inatoa kama uniti 28. Zidisha vyumba vitatu kwa siku mbili, umefika elfu arobaini na tano na zaidi.

Shisha hatuijadili na mtu. Kaa moja la shisha likipeperushwa na upepo wa kusi hadi kwenye makuti makavu, hakuna ndoo itakayowahi. Mkaa unawashwa uani, mita kumi kutoka kwenye makuti, ndoo ya mchanga iko pembeni. Asiyekubali hapewi ufunguo. Wageni wa harusi wana balaa dogo zaidi, hina. Ikishashika shuka jeupe haitoki kwa sabuni, na maji ya moto yanazidi kuigandisha. Wawekeeni mashuka ya kahawia, hamtasikitika.

Tunachofanya sasa ni hiki. Kabla ya kumtumia mgeni ramani ya nyumba, tunataka majina ya wote watakaolala. Hatukusanyi picha za vitambulisho vya kila mtu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inatutaka tuchukue kile tu tunachokihitaji. Bei inataja idadi ya vichwa, na kichwa cha ziada ni elfu ishirini kwa usiku. Aliyetupata kwa simu anaweka dhamana ya laki moja kwa pesa ya mtandao, na anarudishiwa ndani ya saa 24 baada ya nyumba kukaguliwa. Mita ya LUKU, tanki, makochi na magodoro tunavipiga picha akiingia na akitoka.

Aliyekuja kupitia Airbnb, mtandao wa kupangisha nyumba, hatumwombi dhamana ya pembeni, maana taratibu zao haziruhusu. Hapo unapeleka madai na picha ndani ya siku 14 tangu mgeni aondoke. Sherehe za fujo wamezipiga marufuku moja kwa moja tangu Juni 2022, na kamera za ndani ya nyumba tangu Aprili 2024. Yetu iko nje, inatazama geti, na mgeni anaambiwa kabla hajalipa.

Yote haya yanakwama getini. Mlinzi anaitwa "mzee wangu", anapewa elfu tano ya chai, anaambiwa hawa wanasalimia tu, saa mbili wanaondoka. Kuna mama na watoto wamesinzia garini, na kuwarudisha barabarani usiku anaona haya. Kisha mmoja anatoa ile ya "mgeni njoo, mwenyeji apone". (Anayeisema huwa hajalipa.) Saa nne sabufa inafunguliwa, na mjumbe anapigiwa simu na majirani kabla yetu.

Kwanza, sisi wenyewe tumegawanyika. Mmoja anataka wa ziada wasipite geti, hata iwe saa sita. Tatizo ni kwamba wale wanne waliolipa nao hugeuza gari, wanadai fedha yao na kuandika mabaya. Mwingine anasema waingie, asubuhi dhamana ikatwe. Lakini hapo sharti linageuka kuwa bei: mwenye pesa analeta ishirini, na shimo la choo halijui kama amelipa. Ninyi mnafanyaje?

Pili, kuna anayempa mgeni uniti 15 kwa usiku, akizimaliza ananunua mwenyewe? Tunaogopa simu ya saa nane usiku ya mtu asiyejua tarakimu 20 za tokeni anaziingiza wapi.

Tatu, mlinzi. Tumefikiria kumpa elfu tano kwa kila kichwa cha ziada anachokitolea taarifa, ili kusema kumlipe kama kunyamaza. Hofu yetu ni kwamba ataanza kuwakaribisha mwenyewe. Aliyejaribu atueleze alimlipaje, na ilichukua muda gani kabla mambo hayajaharibika, kama yaliharibika. Tungependa kujua kabla ya tamasha la TaSUBa, chuo cha sanaa cha hapa Bagamoyo, maana wiki hiyo hakuna nyumba inayobaki tupu hapa.

Wenye nyumba wawili,
Bagamoyo