Maharage yanaungua baada ya mahindi? Usikimbilie mbolea

Kila mvua zikianza, wateja wawili watatu huingia dukani kwetu hapa Babati wameshika miche ya maharage iliyong'olewa na udongo wake. Hadithi huwa moja. Mbegu ziliota vizuri tu, majani ya kwanza yakatoka, halafu kuanzia wiki ya pili kingo za majani ya chini zikawa njano, kisha kahawia kama zimepitiwa na moto. Swali nalo ni moja: "Niweke mbolea gani?"

Zamani tulikuwa tunauza mbolea. Siku hizi tunauliza kwanza: msimu uliopita shamba hilo lilipigwa dawa gani ya magugu? Mama mmoja alicheka, akasema atajuaje wakati shamba lenyewe amekodi. Na kweli, mashamba ya kukodi ndiyo yanayotuletea kesi nyingi. Aliyelima jana amevuna mahindi yake akaondoka, mabaki ya dawa amekuachia wewe.

Mara nyingi mshukiwa ni atrazini, dawa ya kawaida kwenye mahindi. Mahindi na mtama vina uwezo wa kuivunja ndani ya mmea, ndiyo maana haviumii. Maharage hayana uwezo huo. Inaingia kwa mizizi, inapanda hadi kwenye majani na kuzuia mmea usitumie mwanga wa jua kujitengenezea chakula. Mche huota kwa akiba ya mbegu, akiba ikiisha ndipo unaanza kufa. Upungufu wa naitrojeni hauko hivyo. Huo hupausha jani zima la chini, hauanzi kwa kuunguza kingo. Angalia pia ramani ya ugonjwa shambani. Kama njano imekaa kwa mistari, au imezidi kwenye kona ambako mpigaji aligeuka na bomba la mgongoni bila kufunga, hilo si suala la rutuba.

Glaifosati, dawa nyingine ya magugu, husingiziwa sana. Ikigusa udongo hushikwa kwa nguvu na chembe za mfinyanzi, na ni nadra kusumbua zao linalofuata.

Sasa, atrazini inakaa muda gani? Kwenye udongo wenye joto na unyevu, nusu yake hupungua kwa takriban siku 60. Maana yake baada ya miezi minne bado una robo. Ila hesabu hiyo ni ya udongo ulio hai. Wanaoivunja hasa ni bakteria, na bakteria hawafanyi kazi kwenye udongo mkavu. Mkulima anahesabu kuanzia Januari hadi Novemba, anasema mbona karibu mwaka mzima umepita. Lakini Juni hadi Oktoba hapa kwetu ni vumbi tupu, na miezi hiyo karibu haihesabiki. Udongo wa magadi huirefusha zaidi.

Hapo ndipo mazao ya kufunika udongo yanapoingia, yaani mimea inayopandwa kuutunza udongo wala si kwa mavuno. Kuna watu wanayauza kama vile mizizi inafyonza sumu yote na kuacha ardhi safi. Si hivyo. Sehemu ndogo hufyonzwa, lakini kazi kubwa hufanyika kando ya mzizi. Mzizi hai hutoa sukari na vyakula vingine, bakteria huzaliana pale kwa wingi, na kivuli cha majani hutunza unyevu ili waendelee kula. Wewe unalisha bakteria, bakteria wanakula dawa.

Kwa hiyo zao lenyewe lazima livumilie dawa iliyopo. Tumeshamkatalia mteja mbegu za fiwi kwa ajili ya shamba lenye atrazini, kwa sababu fiwi nayo ni jamii ya kunde, ingeungua kama maharage. Hapo tunashauri mtama, upandwe mnene kuliko ule wa nafaka, ufyekwe kabla ya kutoa masuke na kuachwa juu ya udongo. Kisha subiri wiki tatu hivi, maana mabaki mabichi ya mtama hudumaza miche na hushikilia naitrojeni. Ng'ombe wasiingie mtama ukiwa mchanga au umenyauka kwa jua: una sianidi, unaua. Wafugaji wa huku hawahitaji kuambiwa mara mbili.

Dawa ikiwa nyingine, zao nalo hubadilika. Huko Brazil watafiti walipanda kanavalia na mukuna nyeusi, mimea ya kufunika udongo ya jamii ya kunde, kwenye udongo wenye trifloksisalfuroni, dawa ya mashamba ya pamba na miwa, na maharage yaliyofuata yakakua vizuri kuliko pale palipoachwa wazi. Lakini jibu hilo la Brazil halikusaidii kama tatizo lako ni atrazini.

Kabla ya kununua chochote, fanya jaribio la makopo. Chota udongo sehemu saba au nane za shamba, kina cha kiganja, uchanganye. Chota mwingine kando ya uzio, mahali pasipowahi kupigwa dawa. Panda maharage kumi kwenye kila kopo, mwagilia sawasawa, weka juani (kivulini atrazini haijioneshi haraka), kisha linganisha kwa wiki tatu. Kipimo cha kawaida cha udongo, kile cha rutuba na uchachu, hakitakuonesha mabaki ya dawa. Anayetaka jibu la maabara aulize TPHPA, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, Ngaramtoni, Arusha.

Makopo yakikuonesha tatizo na huna uwezo wa kuacha shamba bila mavuno, usinunue mbegu ya kufunika. Panda mahindi tena, palilia kwa jembe bila kupiga atrazini, weka samadi. Mizizi ya mahindi nayo inalisha bakteria, na mwaka huo unapata debe zako. Tunajua tunapoteza mauzo kwa kusema hivi.

Ukija dukani, njoo na chupa ya dawa iliyotumika hata kama ni tupu. Tunachotaka ni yale maandishi madogo ya kiini cha dawa, jina kubwa la mbele halitusaidii. Na tafadhali isije kwenye mfuko mmoja na mboga za nyumbani, maana wapo waliokwisha kufanya hivyo.