11 jumlisha 1 inakataa kuisha, wadau nisaidieni

Habari zenu wadau. Mimi ni fundi wa simu hapa Luthuli Avenue na kazi ikipoa huwa tunasumbuana na hesabu na mpwa wangu, amemaliza form four anangoja kuingia chuo. Yeye ndiye aliniletea hii mambo ya besi ya hasi mbili na sasa hatuelewani.

Kwa wenye hawajawahi kuiona, binari ya kawaida nafasi zake ni 1, 2, 4, 8, lakini hapa ni 1, -2, 4, -8, 16, zinabadilisha ishara hivyo hivyo, na tarakimu ni 0 na 1 tu. Kwa hivyo mbili inakuwa 110 (yaani 4 toa 2), tatu 111, sita 11010. Utamu ni kwamba alama ya kutoa huihitaji kabisa, hasi moja ni 11 na hasi tatu ni 1101, na ukiangalia urefu peke yake unajua, tarakimu zikiwa 1, 3 au 5 hiyo ni chanya, zikiwa 2 au 4 ni hasi. Hapo sina wasiwasi, juu yenye iko na tarakimu tano inaanza na 16 na kuna 8 na 2 pekee za kuivuta chini, hazitoshi. Halafu hesabu zile moja ziko ndani, zikigawanyika kwa 3 namba yote inagawanyika kwa 3, vile tu 9 hufanya kwa namba zetu za kila siku. Na si mchezo wa vijana, Mtaliano Vittorio Grünwald aliziandikia mwaka wa 1885 na Wapolandi wakaunda kompyuta nayo miaka ya hamsini, BINEG.

Sasa shida ni kujumlisha. Moja na moja ni 110, so unaandika 0 unabeba moja nafasi inayofuata na moja ile ya mbele yake. Sawa. Haya jaribu 11 na 1, yaani hasi moja na moja, jibu si lazima iwe 0? Unaandika 0 unabeba, nafasi ya pili unapata moja mbili, 0 tena unabeba, ya tatu moja mbili tena, ya nne pia, haiishi!! Tuliandika kaprogramu kwa simu ikaganda mpaka tukaizima.

Kijana anasema anko, si zote ni sifuri, basi jibu ni sifuri. Mimi nakataa, kila saa kuna moja imebebwa haijaandikwa, utafungaje hesabu na deni bado liko?

Njia yangu ni hii: ukipata mbili andika 0 ubebe hasi moja, maana hasi moja ya nafasi inayofuata ni mbili ya hapa. 11 na 1 inaisha papo hapo. Ikibaki hasi moja peke yake naandika 1 nabeba 1, na moja na moja inanipa 110 vizuri kabisa. Yeye anasema nacheat, ati hasi moja hairuhusiwi hata kupitia tu.

Kwa hivyo nauliza, kuna namba itanigandisha tena nikitumia hii njia ama itaisha kila mara? Na huyu kijana na sifuri zake zisizoisha nimjibu aje, juu kusema ukweli ananikaribia kunishinda.