Kisu cha babu: kabla hujakinoa, jua ni chuma gani

Juzi mzee mmoja wa Kongwa alituletea kisu cha kukunja kwenye banda letu la kunoa visu, kakifunga kwenye kipande cha khanga. Bapa jeusi kama sufuria ya kuni. Baada ya shikamoo na marahaba akasema, "Kijana, hiki alikuwa nacho baba, mimi nachunga mbuzi. Mjukuu wangu kakiwekea sumaku kikanasa, anasema si stenlesi, nikitupe."

Sumaku hiyo imewaponza wengi, hasa waliozoea kuona wanunuzi wa skrepa wakipima vyombo. Stenlesi ya masufuria mengi hainasi, ni kweli. Ila stenlesi ya visu hunasa kama chuma kingine, kwa kuwa ni ya aina inayokazwa kwa moto ndipo ishike makali. Kwa kisu, sumaku haikuambii kitu.

Sisi huanza na maandishi. Futa uchafu kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, kisha mulika kwa tochi ya simu, ubavuni, pale bapa linapoingia kwenye mpini karibu na ribiti. Ukiona *Rostfrei* au *Inox*, hiyo ni stenlesi. Wateja hudhani ni jina la kiwanda, kumbe ni Kijerumani na Kifaransa cha "haishiki kutu". Hata jina la Victorinox, kiwanda cha visu cha Uswisi, lilipatikana hivyohivyo: Victoria, mama wa mwanzilishi, likaungwa na inox mwaka 1921. Opinel, watengeneza visu wa Ufaransa, nao huandika *Carbone* au *Inox*, hapo umemaliza kazi. Solingen na Sheffield ni miji ya wafua visu, Ujerumani na Uingereza, wala si aina za chuma. Ni huko Sheffield mtaalamu wa vyuma Harry Brearley alikopata stenlesi yake mwaka 1913, kwa hiyo kisu cha kabla ya hapo ni cha kaboni tu, yaani chuma cha kawaida kinachoshika kutu.

Cha mzee kilikuwa Okapi, kile chenye mwezi na nyota kwenye mpini na pete ya kuvuta unapokifunga. Vilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902, uzalishaji ukahamia Afrika Kusini mwaka 1988. Chake kiliandikwa Germany. Chuma cha kaboni hicho, na weusi ule si ugonjwa. Hatukuung'oa.

Maandishi yakiwa yamelika, tunatumia ukwaju. Loweka kidogo uwe mzito, futa mafuta yote kwenye bapa, paka tone moja karibu na makali, subiri robo saa. Kaboni itabadilika iwe kijivu au nyeusi. Stenlesi itabaki inang'aa. Usipake katikati ya bapa, maana vingine vimepigwa nikeli juu na vitakudanganya. Kwenye makali nikeli imeshakwisha kwa kunolewa. Ukimaliza osha, kausha, paka mafuta.

Kipimo cha cheche kwenye grainda tunakijua pia: kaboni hurusha cheche nyeupe zinazopasuka matawi, stenlesi hutoa fupi nyekundunyekundu. Lakini kisu cha urithi hatukigusishi. Tulipoanza kazi tulishaharibu kimoja hivyo, ncha ikageuka bluu kabla hatujashtuka. Chuma kikishafika bluu kimelainika, na makali hayakai tena. Tulimlipa mwenyewe.

Tukwambie ukweli, mara nyingi tunachokupa ni ukoo wa chuma: kaboni au stenlesi. Namba kamili ya aina ya chuma haijulikani kwa macho, na anayekutajia kwa kukitazama tu anakupiga kamba. Kwa kunoa, ukoo unatosha. Kaboni hupata makali upesi kwenye kinoo cha maji. Stenlesi ina ubishi, huacha nywele za chuma ukingoni, kwa hiyo huchukua muda na bei yake kwetu iko juu kidogo.

Hapa Dodoma ukavu unatusaidia. Kisu cha kaboni kilichokaa salama miaka Nkuhungu, kipeleke Dar, wiki moja tu kina madoa ya kutu. Kipake mafuta ya cherehani. Alizeti tunayo tele, lakini usiitie kwenye ribiti: ikikauka inakuwa gundi na kisu hakifunguki.

Ukikileta, kilete na uchafu wake. Usikisugue msasa, maana herufi ndizo hufutika kwanza. Jumamosi banda limefungwa, tunakuwa mnadani Msalato na vinoo vyetu.